Riwaya za akina mama na siri za majirani: ipi ilikukosesha usingizi? Tupeane uzoefu

NyotaYaUsiku: Wadau, nimemaliza The Couple Next Door ya Shari Lapena alfajiri hii, moyo bado unanienda mbio. Wazazi wamealikwa nyumba ya pili, mtoto mchanga wamemwacha kitandani, kila nusu saa mmoja anakwenda kumchungulia. Wanarudi usiku, kitanda kitupu! Nami nina mtoto mchanga ndani. Yenu ilikuwa ipi?

MamaPacha: Hiyohiyo. Nilihamishia vitanda vya wanangu chumbani kwangu.

MsomajiMakini: Ila yule baba mtu si alikuwa anajua kwamba

MamaPacha: Weee, ishia hapohapo! Kuna watu hawajaisoma.

MsomajiMakini: Kitabu cha 2016, dada. Mnasubiri nini?

Kaka_Vitabu: Mimi vimenichosha. Kila kitabu mume ndiye mwovu. Vinawafundisha wanawake kushuku nyumba zao.

Upande_wa_Pili: Nilitaka kupita kimya, ila maneno ya Kaka_Vitabu yamenitonesha. Yangu ni Big Little Lies ya Liane Moriarty, ya 2014. Wengi mnaijua kwa tamthilia, iliyohamishiwa California. Kitabuni ni Australia. Watu husema ni hadithi ya akina mama wa shule wanaogombana. Kwangu mimi ni kitabu cha Celeste, mmoja wa akina mama hao: nyumba nzuri, mume mtanashati, mapacha, na michubuko isiyoonwa na mtu. Mshauri anamwambia akodi nyumba kwa siri, aiandae kabisa, hata kama hajaamua kuondoka. Nilipofika hapo nilikunja ukurasa nikafunga kitabu, maana mimi pia nilikuwa navaa mikono mirefu wakati wa joto.

Mume wangu aliniuliza kinahusu nini. Nikamwambia, akina mama wa shule.

Nikaanza kuhamisha vyeti vya watoto kwenda kwa dada yangu, kimoja kimoja, ndani ya nguo za kufua. Usiku mmoja natoka kuoga, namkuta amekaa kitandani anausoma ukurasa ule niliokunja. Nilisimama mlangoni maji yananichuruzika. Akaniangalia, akasema, "Huyu mwanamke ana kila kitu, anatafuta nini?" Akakiweka pembeni, akalala. Sikufumba jicho. Wiki ileile nikaondoka na wanangu.

NyotaYaUsiku: Mungu wangu. Pole, dada yangu.

MamaPacha: Nimesoma nimesimama jikoni, chakula kimeungua.

Shangazi_Mkuu: Mwanangu, umefanya jambo kubwa. Na wewe unayesoma hapa ukiwa bado ndani: usimtangazie kwamba unaondoka. Wakati wa kuondoka ndio wa hatari zaidi. Mwambie mtu mmoja tu.

Jirani_Mwema: Shangazi, hapana. Waambie majirani wote! Siri ndiyo inayomlinda mpigaji.

Shangazi_Mkuu: Katika majirani wote hakosi mmoja anayekunywa naye chai. Mmoja, tena umchague.

MsomajiMakini: Na kitabu ukivalishe jalada la kitabu cha mapishi.

Kaka_Vitabu: Dada, pole sana, kwa moyo wote. Lakini hoja yangu kuhusu waandishi iko palepale.

MamaPacha: Basi soma The Push ya Ashley Audrain. Mama anamwogopa binti yake wa kumzaa, mume hamwamini, na wewe msomaji hujui umwamini nani. Au Little Fires Everywhere ya Celeste Ng: mtaa wenye kanuni mpaka za rangi ya nyumba, na anayefukua maisha ya mpangaji ni mama mwenye nyumba, yule anayeheshimika. Mume hapo hana neno.

Kaka_Vitabu: Hiyo ya pili nitaitafuta.

NyotaYaUsiku: Upande_wa_Pili, kile kitabu ulikimaliza?

Upande_wa_Pili: Kilibaki kule nyumbani. Sijawahi kununua kingine. Celeste anafika kwenye ile nyumba aliyokodi?

MsomajiMakini: Nakuandikia pembeni, dada. Hapa siandiki.