RGB au CMYK: kalenda, bango na programu ya mazishi, nani abadilishe rangi?

Kijana_wa_Ngara
Wadau, habari za jioni. Nina kazi tatu mezani. Chama kimoja cha akiba kinataka kalenda ya ukutani, itapigwa kwa ofseti Industrial Area, pamoja na bango la kusimamisha la mkutano wao mkuu, ambalo litatoka kwa watu wa mabango. Ya tatu ni programu ya mazishi, kurasa 16, nakala 200, dijitali pale River Road, na lazima iwe tayari Ijumaa.

Nembo ya chama ni buluu kali, ile ya 0, 0, 255 kwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini (nyekundu, kijani, buluu). Naona njia tatu: kuanza na CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapa (sayani, majenta, manjano na nyeusi, ambayo ndiyo K), tangu ukurasa ukiwa mtupu, kufanya kazi yote kwa RGB kisha kubadilisha siku ya kutoa PDF, au kupeleka RGB na kuwaachia wao. Nyinyi mnafuata ipi?

Plati_Nne
Mimi niko upande wa pili wa kaunta, natoa plati, yale mabamba ya kuchapia ofseti, moja kwa kila wino. Kwa ofseti hiyo njia ya tatu isahau. Ukileta RGB nitalazimika kuibadilisha, na nitatumia mipangilio ya kompyuta yangu, wala sitakupigia simu kukuuliza ulitaka nini.

Picha mara nyingi hupona. Balaa ni maandishi. Nyeusi ya RGB, yaani 0, 0, 0, ukiipitisha kwenye profaili ya SWOP, yaani jedwali la Marekani la kugeuza rangi kuwa wino, inatoka kwa asilimia sayani 75, majenta 68, manjano 67, nyeusi 90. Sasa weka tarehe za kalenda kwa herufi za pointi 7, plati zote nne zikizipiga. Karatasi ikisogea unywele mmoja tu, kila tarehe inaota ukingo mwekundu huku na wa buluu kule. Maandishi yawe K 100, mengine sifuri, na yapigwe juu ya rangi ya chini bila kuitoboa.

Eneo kubwa jeusi ni habari nyingine. K peke yake hutoka kijivu-kijivu kama mkaa, kwa hiyo weka 60/40/40/100, kwa mpangilio ule ule wa sayani, majenta, manjano, nyeusi. Ila msinijazie eneo kwa ile rangi ya alama za kulinganisha plati. Hiyo ni wino zote nne kwa 100, jumla 400%, karatasi inatoka imelowa na kuchafua mgongo wa ya juu yake.

Mzee_wa_Corel
Njia ya kwanza, bila mjadala. Mteja wa Nairobi anaidhinisha kazi kwa simu, kwenye WhatsApp, skrini imewashwa mwanga wote. Ukimtumia RGB anaona buluu ya umeme, anakujibu "sawa kabisa", halafu kalenda zikifika anashikilia salio lako. Ukianza na CMYK, rangi iliyopoa anaizoea tangu siku ya kwanza.

Hiyo 0, 0, 255 kwenye SWOP inakuwa kama sayani 88, majenta 77. Kwa karatasi hiyo ni zambarau, tusidanganyane. Punguza majenta kwa mkono: 100/70/0/0, au hata 100/65. Haitakuwa ile ya skrini, wino hauna mwanga wa kutoa, lakini itabaki buluu.

Dada_wa_Kurasa
Mzee, shikamoo, ila hapo kwenye picha tutakosana kidogo. Nembo, maandishi na vibao vya rangi vijenge kwa CMYK mapema, nakubali. Picha ziache RGB hadi mwisho. Ukishazigeuza, rangi zilizokatwa hazirudi hata ukizirudisha RGB, na kazi yenyewe ina bango ndani yake.

Jambo ambalo watu hawaligusi ni CMYK ya nani. Programu nyingi za usanifu kwenye kompyuta hapa mjini zimewekwa kwa mipangilio ya Marekani, kwa hiyo ukigeuza bila kuchagua unapata SWOP, iliyotengenezewa magazeti ya rangi ya kule. Uliza kiwanda kinatumia profaili gani kabla hujagusa kitu. ISO Coated v2, ile ya FOGRA39, inaruhusu jumla ya wino hadi 330%, na kuna toleo lake la 300%. Karatasi ya gazeti huishia kama 240%. Na usigeuze CMYK moja kwenda CMYK nyingine bila kuangalia, maana ile K 100 safi aliyoisema Plati_Nne itavunjika tena kuwa wino nne.

Mwishoni toa PDF/X-1a, aina ya PDF ya kuchapia, kama kiwanda ni cha mashine za zamani; kila kitu kinakuwa CMYK na vitu vinavyopenya mwanga vinaunganishwa na vilivyo chini yake. Wenye mitambo mipya watakubali PDF/X-4, inabeba picha za RGB zikiwa na profaili zake.

Bena_na_Stika
Kwa bango, niletee RGB, na sRGB, profaili ya kawaida ya skrini, ikiwa imeshikizwa ndani ya faili. Mashine zetu za wino wa kurusha hufikia rangi nyingi ambazo ofseti haizifikii, na baadhi zina sayani hafifu na majenta hafifu za ziada. Ukinipa picha iliyokwisha kubanwa kwa FOGRA39 umeninyima rangi ambazo ningeweza kuzitoa. Lakini kama bango na kalenda vitakaa ukumbi mmoja, nipe nembo ile ile ya 100/70 na sampuli ya karatasi, niilinganishe kwa macho.

Mwanafunzi_Juja
Na mimi ninayetumia Canva ya bure? Haitoi CMYK.

Dada_wa_Kurasa
Ya kulipia ndiyo inatoa. Scribus ni ya bure, ina CMYK na inatoa PDF/X, ila itakuchukua muda kuizoea.

Plati_Nne
Kijana, hiyo programu ya mazishi usiisumbukie sana. Mashine ya dijitali itameza RGB, na nyingi zina chaguo la kupiga maandishi kwa nyeusi tupu. Cha kuangalia ni mfuko. Mashine inahesabu kurasa za rangi na zisizo na rangi, na ukurasa wa wasifu wenye nyeusi ya RGB unaweza kuhesabiwa wa rangi. Kurasa za maneno matupu zigeuze ziwe za kijivu kwenye faili, uache rangi kwa jalada na kurasa za picha za familia.

Kijana_wa_Ngara
Asanteni sana. Nimepiga simu kiwandani, wanataka X-1a kwa FOGRA39, wino usizidi 300%. Mzee, mteja nimtumie nini kwenye WhatsApp sasa?

Mzee_wa_Corel
Usimtumie JPEG ya CMYK, simu nyingine zinaionyesha vibaya kabisa. Chukua faili iliyokwisha kugeuzwa CMYK, tengeneza nakala ya RGB kutoka hiyo, mtumie hiyo nakala. Na prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio, aitie sahihi kabla plati hazijatoka.