Naomba ushauri: tangazo la TV la taa za dagaa, igizo au maandishi ya chini ya skrini?

Habari wadau. Bidhaa ni taa za sola za kuvulia dagaa, wateja wako Mwaloni Kirumba (soko la samaki Mwanza) na kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria. Muswada ni igizo la sekunde 30: mvuvi na tajiri wa mtumbwi wanabishania gharama ya mafuta ya taa. Kwa fremu (picha moja moja za video) 25 kila sekunde, hizo ni fremu 750 tu. Maneno yakizidi 60 hivi, anayeyasema kwa sauti anakimbia na namba ya simu inamezwa. Namba ikae angalau sekunde 4, mbali na kingo, maana TV nyingine hukata pembeni. Sauti ya ufukweni nayo huharibiwa na upepo, bora irekodiwe studio.

Kinachonisumbua ni ratiba. Saa 2 usiku, wakati wa taarifa ya habari (nafasi ghali hiyo!), wavuvi wa dagaa wako ziwani, hasa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka ndipo wengi wanabaki nchi kavu.

Je, tununue nafasi siku za mbalamwezi pekee, au tudhamini kipindi cha mchana? Maandishi yanayopita chini hayahitaji sauti, yanafaa vibanda vya kutazamia TV vyenye kelele, ila aliyekaa nyuma hayasomi. Mliowahi kuuza zana za uvuvi kwa TV, mngeanzia wapi?