Mbwa nikimfungua kamba harudi, nifanyeje?

Wakuu, mbwa wangu ndani anatii vizuri tu, ila nje nikimfungua kamba akipata harufu ya paka basi hata nyama haitaki, na jina lake anajifanya halijui. Msaada jamani.

Jibu: Mkuu nyama haimshindi paka hata siku moja. Mlipe kwa kile anachokitaka, yaani anavuta kwenda kunusa kichaka, we simama, akigeuka kukutazama tu mwambie "haya nenda" akanuse. Kunusa ndo malipo yenyewe.

Jibu: Naongezea, usimfungue kwanza, tumia kamba ndefu kama mita 10, ifunge kwenye mkanda wa kifuani sio shingoni maana akichomoka mbio ataumia. Halafu wengi wanamwita mbwa wakati wa kuondoka tu, anajua akiitwa starehe imeisha. Mwite, shika kola, msifie, mwachie akacheze tena.

Muulizaji: Sasa si ataenda moja kwa moja?

Jibu: Akirudi anaongezewa uhuru, asiporudi usimfokee, mfupishie kamba tu. Ila karibu na barabara hafunguliwi, hata awe mtii vipi.