Nyota wanaosema "kwetu Kigoma": mji unawadai, au sisi ndio tunajipendekeza?

Mwisho wa Reli:
Wakuu, heshima kwenu. Ukianza kuwataja wasanii wanaojitambulisha kwa Kigoma unachoka wewe: Diamond, Mwasiti, Linex, Peter Msechu, Baba Levo, na wengine wanawatia ndugu wa Kiba humohumo. Mwaka 2012 ikaundwa Kigoma All Stars, wakatoa wimbo wa Leka Dutigite, Zitto Kabwe akiwa bado mbunge wa Kigoma Kaskazini, nchi nzima ikarusha mikono. Sasa hivi wawili katika hao, Diamond na Ali Kiba, wana redio zao, Wasafi FM na Crown FM, na zote makao yake ni Dar. Swali langu: hawa watu wana deni na ule mji au hawana? Mimi nasema wanalo. Kijana wa Gungu mwenye sauti bado safari yake ya muziki inaanzia stesheni. Ingekuwepo studio moja ya maana pale Mwanga, na kipindi kimoja tu kwa wiki kinachorushwa kutoka hukohuko, ningewavulia kofia. Karibuni, matusi hapana.

Tandale Damu:
Deni la riba ngapi? Diamond kazaliwa Dar, 1989, kakulia Tandale. Oktoba 2018, siku yake ya kuzaliwa, alirudi Tandale na bodaboda za vijana na bima za afya. Kalipa pale alipokopa. Kigoma alikopa nini, dagaa?

Binti Ujiji:
Wewe Tandale Damu, dagaa wamekukosea nini? Nyie ndio mnaouziwa wa Mwanza mkaambiwa ni wa Kigoma, mkalipa bei ya Kigoma, mkafika nyumbani mkatafuna mchanga mkanyamaza. Mambo ya dagaa waachie wenyewe.

Tandale Damu:
Nimemtaja dagaa mara moja mtu katoa povu la ndoo nzima. Hoja ya deni kairuka.

Binti Ujiji:
Hoja sijaiona. Nimeona dharau.

Stesheni Kuu:
Halafu Tandale Damu unachagua. Mbona husemi alipokwenda Kigoma kwa treni na mashabiki njia nzima, akapiga shoo Lake Tanganyika kutimiza miaka kumi ya muziki? Ilikuwa 2018 hiyohiyo.

Tandale Damu:
Mwishoni mwa 2019, mkuu. Na shoo ni biashara. Mimi nikija kwenu kuuza mashati siitwi mwenyeji.

Mzee wa Liemba:
Vijana, mnagombania mpaka ambao haupo. Reli ilifika Kigoma 1914. Tangu hapo, na hata kabla, enzi za misafara, watu wa Ujiji wanashuka Dar na kubaki. Wamanyema, watu waliotoka Kongo kupitia Ujiji, wamejenga Kariakoo kabla babu zenu wengi hawajaiona bahari, na msikiti wa Manyema upo palepale hadi leo, nendeni mkausome ubao. Nyumba ngapi za Kariakoo, Ilala na Buguruni zilikuwa na chumba cha mgeni kutoka Kigoma, na mgeni mwenyewe hakuondoka? Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba ile anasikia Kiswahili cha Ujiji barazani, anakula mawese, anaitwa jina la babu aliyezikwa ng'ambo ya ziwa. Mkimwambia yeye ni wa Dar tu, na Dar yenyewe ni ya nani? Mzaramo akidai chake mtabaki wangapi?

Tandale Damu:
Mzee shikamoo. Historia nzuri, lakini Wazaramo umewaingiza kwa ubaya.

Mlandege Iringa:
Sisi hatuna neno, ila mkimaliza kugawana mturudishie Kiba. Kila mahali imeandikwa Iringa, 29 Novemba 1986. Kisha akakulia Kariakoo. Kigoma imeingilia wapi?

Binti Ujiji:
Imeingilia kwenye damu. Nyie mlitoa baridi tu.

Fundi Mitambo:
Naomba nirudi kwa mleta mada kwa sababu kuna jambo hamligusi. Msanii hakukimbia mji, alifuata mitambo. Zamani za bendi, ukitaka wimbo wako usikike nchi nzima ulikwenda kurekodi RTD, redio ya taifa, na RTD ilikuwa Dar. Haikujali unatoka Tabora, Morogoro au Kigoma. Ilipokuja Bongo Fleva, studio za maprodyuza P Funk na Mika Mwamba zilikuwa Dar, redio binafsi Dar, wasambazaji wa kanda Kariakoo. Mwasiti alipikwa THT, nyumba ya kukuza vipaji, Dar. Msechu ilibidi avuke mpaka Nairobi, shindano la kuimba la Tusker Project Fame 2010, akawa wa pili ndipo nchi ikamjua. Na Kigoma yenyewe miaka yote hiyo ilikuwa nje ya gridi ya taifa, mji unaendeshwa na majenereta ya dizeli. Nani anaweka mashine za studio mahali umeme unapumua na kukata roho? Leo kompyuta moja na maikrofoni vinatosha kurekodi, hiyo sababu imekufa. Kilichobaki Dar ni matangazo ya biashara: kampuni inayolipia kipindi iko Dar, kwa hiyo mtangazaji naye yuko Dar. Mkitaka kipindi kitoke Mwanga, ulizeni kwanza nani wa Kigoma atakidhamini. Mkimdai msanii mtakesha.

Chalinze Nyama:
Maelezo marefu. Mimi niseme lisilosemwa. Wengi wa hawa uKigoma wao ni wa kwa mama. Na mila ziko wazi, mtu kwao ni kwa baba. Kwa mama wewe ni mjukuu: unachinjiwa kuku, unakula, unaondoka. Sasa mjukuu anadaiwaje?

Mama Nuru:
Chalinze Nyama rudia hapo. Nimelea watoto watatu, baba yao hajui hata wanavaa kiatu namba ngapi. Jana mdogo kapasi la saba, nimepiga vigelegele mimi na majirani. Leo wewe na jina lako la nyama choma unaniambia kwao ni kwa mtu ambaye hata kijiji chake sikijui? Wakienda huko watabisha mlango wa nani?

Chalinze Nyama:
Mama, usilifanye la kwako binafsi. Nazungumzia mila, sizungumzii watoto wako.

Mama Nuru:
Mila ndiyo hiyo ninayoishi nayo kwenye fomu za shule. Kila fomu "jina la baba, kabila la baba, wilaya ya baba". Nikaacha wazi, mwalimu mkuu ananirudishia. Ada hairudishwi, lakini.

Stesheni Kuu:
"Ada hairudishwi, lakini." Nimeishia hapo.

Mluguru wa Mgeta:
Chalinze, wewe hapo ulipo ukipanda gari hufiki mbali uko Uluguru, na bado hujui kwamba kwetu ukoo ni wa mama? Shamba ni la mama, ukoo ni wa mama, baba ni mgeni mwenye heshima zake. Wazaramo zamani hivyohivyo, Wamakonde hivyohivyo. Nusu ya mashariki ya nchi hii ilikuwa inahesabu kwa mama. Ukisema "mila ziko wazi" sema ni za kwenu.

Mtu wa Kasulu:
Mluguru, asante kwa somo, ila Buha, nchi yetu Waha, si Uluguru. Kwetu ukoo ni wa baba, tusidanganyane ili kumfurahisha mtu. Kinachoniuma mimi ni kingine. Hawa wa mjini wanaipata Kigoma ya jukwaani: taa, ngoma, "mwisho wa reli oyee". Sisi tunaipata Kigoma ya kizuizini. Nikisafiri kwa basi nashushwa, naulizwa babu yangu alizikwa wapi, nitaje majina ya watemi, niseme neno fulani lisikike linavyotoka. Kwa sababu natoka Kasulu lazima niwe Mrundi mpaka nithibitishe. Hapo hakuna anayeuliza ni wa kwa mama au kwa baba. Mtu anayetaka kujiita wa Kigoma aje apande basi hilo na mimi, kisha tuzungumze deni.

Kidau:
Lakini tuseme ukweli, mpaka ule unavuja, na wengine kweli ni Warundi.

Mtu wa Kasulu:
Kidau, nimemaliza kuandika sasa hivi. Umesoma au umekurupuka?

Kidau:
Nimesema wengine.

Mtu wa Kasulu:
"Wengine" ndiye mimi kila safari.

Sinza Mori:
Jamani mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, 1947, ndani kabisa huko Manyema Kongo. Akaja Dar 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy. Leo konda akipaza sauti "kwa Remmy" hakuna abiria Sinza anayeuliza kabila. Kituo cha daladala kimembeba kuliko kijiji chochote. Kwa hiyo hiyo habari ya kwa baba na kwa mama mimi siielewi, mahali panapokuita kwa jina lako ndipo kwenu.

Chalinze Nyama:
Remmy ni mmoja. Na hata yeye hakuitwa Mzaramo.

Mzee wa Liemba:
Kijana, Kindu na Ujiji njia yake ilikuwa moja. Hao wanaoitwa Wamanyema wa Kigoma walitoka hukohuko. Umeleta mfano wa kunipinga ukaniunga mkono.

Sinza Mori:
Mzee sikuwa napinga mtu, nilikuwa namjibu Nyama.

Kibirizi Sokoni:
Mbona hamumsemi Baba Levo? Huyo hakuna anayeuliza kwao. Kaimba, kawa diwani Mwanga Kaskazini, kakaa kwenye maikrofoni Wasafi FM, na 2025 katangazwa mbunge Kigoma Mjini kwa tiketi ya CCM. Aliyeshindana naye ni Zitto, yuleyule wa Leka Dutigite. Kama kuna mtu wa kudaiwa studio ni huyo, ofisi anayo na mji anaujua.

Tandale Damu:
"Katangazwa." Neno zuri hilo.

Kibirizi Sokoni:
Usianze.

Stesheni Kuu:
Siasa pelekeni jukwaa la siasa, huu uzi utafungwa. Na Leka Dutigite nayo ilikuwa siasa toka mwanzo, mnajifanya hamjui? Mbunge kijana anakusanya wanamuziki wote wa mkoa wake, unafikiri alikuwa anatafuta kinanda?

Binti Ujiji:
Iwe siasa, iwe harusi, ule mwaka ndio mara ya kwanza nimesikia Kiha kwenye spika za Dar bila mtu kucheka. Nilikuwa nimepanga Manzese, jirani zangu walikuwa wakinisikia naongea na mama kwenye simu wanaigiza. Wimbo ulipotoka wakaanza kuniuliza maneno yake. Mkitaka kuhesabu deni, hilo mimi nimelipwa. Studio tutajenga wenyewe.

Fundi Mitambo:
Binti Ujiji, mdhamini?

Binti Ujiji:
Kaka Fundi, watu wanajenga maghorofa kwa kuuza samaki, migebuka, na wewe unaniuliza mdhamini.

Tandale Damu:
Mimi nina swali kwa mleta mada, maana kawasha moto kajificha. Mwisho wa Reli, uko Kigoma muda huu?

Mwisho wa Reli:
Swali hilo linahusiana vipi na mada?

Tandale Damu:
Jibu.

Mwisho wa Reli:
Niko Muscat kikazi.

Tandale Damu:
Ahaa. Wakuu mmesikia? Wa Tandale anadaiwa studio, wa Muscat anaandika barua ya madai.

Mwisho wa Reli:
Mimi si nyota. Natuma hela nyumbani, nimepaua nyumba ya mama Kibirizi, wadogo zangu wanasoma. Ningekuwa na redio ningeiweka Kigoma kesho asubuhi. Nilichouliza ni kuhusu watu wenye uwezo wa kuubadilisha mji, na karibu wote mmekimbilia kabila na wazazi wa watu. Aliyejibu swali ni Fundi peke yake.

Kidau:
Nyumba ya mama, umesema?

Mwisho wa Reli:
Ndiyo, ya mama. Mbona?

Kidau:
Basi, Chalinze Nyama atakuambia hapo ulipopaua wewe ni mjukuu.

Chalinze Nyama:
Msinichonganishe na mtu aliye ughaibuni. Kama baba yake naye ni wa hukohuko hakuna tatizo. Msimamo wangu haujabadilika: mtoto ni wa upande uliotoa mahari. Hayo ndiyo makubaliano ya wazee, sikuyaandika mimi.

Mama Nuru:
Na mahari isipotolewa?

Chalinze Nyama:
Hapo ni suala jingine.

Mama Nuru:
Si jingine, ni hilohilo. Umesema mtoto ni wa aliyetoa mahari. Kwangu haikutolewa hata mbuzi wa kamba. Kwa hesabu yako mwenyewe watoto ni wa kwetu, na kwetu ni Katubuka. Funga kitabu.

Mluguru wa Mgeta:
Kafungwa kwa kamba yake.

Chalinze Nyama:
Mnashangilia bure. Kesi moja haivunji mila.

Mama Nuru:
Na ya mama yako ilimalizwa?

Chalinze Nyama:
Mama, sasa unavuka mstari. Hayo siyajui, walikaa wazee. Muulize mjomba wangu, ndiye aliyenilea.

Stesheni Kuu:
Nani aliyekulea?