Je, mrukaji hupanda juu mwavuli unapofunguka?

Mkazi wa Chumbageni, Tanga:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwanangu wa kidato cha pili amenishinda kwa swali. Katika video za watu wanaoruka kutoka kwenye ndege, kila mwavuli unapofunguka mrukaji huonekana akichomoka kwenda juu. Mtoto anasema hewa humpandisha. Mimi sioni mtu anayeanguka atapandaje bila injini. Naomba mwenye elimu ya fizikia atueleze.

Mwalimu wa Raskazone:
Waalaikum salaam. Mrukaji hapandi hata kidogo. Anayempiga picha anaanguka pamoja naye, kwa takribani mita 55 kwa sekunde. Mwavuli unapofunguka, mwenzake hupunguza kasi katika sekunde chache hadi kiasi cha mita 5 kwa sekunde, ilhali kamera inaendelea kushuka kama mwanzo, na ndiyo sababu anaonekana ameruka juu. Abiria wa basi la Muheza huiona hivyo hivyo baiskeli waliyoipita: inarudi nyuma machoni pao, ingawa nayo inaelekea Muheza.

Hata hivyo mwanao ameona jambo la kweli, na ningependa asikatishwe tamaa. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, yaani kasi ikizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Baada ya sekunde kama 12 za kuanguka, ukinzani hulingana na uzito wa mrukaji na kasi haiongezeki tena. Mwavuli ukitanuka, ukinzani huushinda uzito kwa mbali, kwa hiyo kani ya jumla na mchapuko (yaani badiliko la kasi) vinaelekea juu, lakini mwendo bado ni wa kwenda chini. Mwambie afikirie dau linalokimbia, kisha mtu atose ndoo yenye kamba majini: ndoo inavuta nyuma, chombo bado kinakwenda mbele, ila polepole zaidi.

Fundi wa Ngamiani:
Naongeza la nishati. Mtu wa kilo 80 akishuka kutoka mita 4,000 hadi 1,000, hupoteza jouli (kipimo cha nishati) milioni 2.35 za nishati ya mkao, yaani ile itokanayo na kuwa juu, lakini nishati mwendo yake, ile itokanayo na kasi, kabla ya kufungua mwavuli ni jouli 121,000 tu, kama sehemu moja ya 20. Iliyobaki imekwenda kuitibua hewa na kuipasha joto.

Mkazi wa Chumbageni, Tanga:
Nashukuru sana. Ila mtoto anauliza: Felix Baumgartner, yule mrukaji wa Austria, alifikaje kilomita 1,357 kwa saa, ikiwa kikomo cha kasi ya kuanguka ni zile mita 55 kwa sekunde, yaani kilomita kama 200 kwa saa?

Mwalimu wa Raskazone:
Swali zuri mno. Tarehe 14 Oktoba 2012 aliruka kutoka karibu kilomita 39, ambako hewa ni nyembamba kiasi kwamba ukinzani haukuweza kulingana na uzito wake mpaka kasi ilipopita ile ya sauti. Alipozama katika hewa nzito, ukinzani uliuzidi uzito, naye akaanza kupunguza kasi kabla hajafungua mwavuli.