Mkanda wetu wa mieleka umekuwa kama mkanda wa suruali, tufanyeje?

Mtunzi wa Nkuhungu: Habari zenu wakuu. Niko hapa Dodoma, tuna kikundi cha vijana kumi na moja tunaigiza mieleka kila Jumapili jioni, ulingo wenyewe ni magodoro chakavu juu ya mchanga na kamba tumezungushia nguzo nne, kiingilio mia tano watoto bure. Mimi ndo natunga stori, yaani nani ashinde, nani amsaliti nani. Mkanda alitutengenezea fundi viatu wa Majengo, ngozi na bati, siku ya kwanza watu walikuwa wanagombania kuugusa tu.

Sasa toka Januari umeshapita kwa watu tisa, maana nilikuwa naona huruma nataka kila mmoja auonje. Juzi bingwa kausahau kwenye bodaboda, pambano limeanza limeisha na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeuliza mkanda uko wapi. Hapo ndo nikajua nimeharibu. Narudishaje heshima yake? Na msiniambie ni maigizo tu, hilo nalijua.

Muuza Zabibu: Boda kaurudisha lakini? 😂

Mtunzi wa Nkuhungu: Kaurudisha mkuu, anasema alidhani ni mkanda wa kufungia mzigo.

Mzee wa Kizota: Kijana, watu tisa ni wengi mno. Angalia Gunther wa WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, na ule mkanda wao wa Intercontinental, kauchukua kwa Ricochet Juni 2022 kakaa nao siku 666 mpaka Sami Zayn akamvua kwenye WrestleMania, lile onyesho lao kubwa la mwaka, ya 2024. Njiani kaivunja rekodi ya Honky Tonk Man ya siku 454 iliyokuwa imelala toka 1988. Na sio siku tu, kila aliyekuja alikuwa anautaka kweli na alitoka kifua kimeiva kwa makofi, kwaiyo Sami alipompiga watu walishaona wangapi wamejaribu wakashindwa. Tafuta mmoja mgumu mpe mkanda, alafu zima hiyo huruma yako.

Binti Kongwa: Mzee wangu shikamoo, ila hapa nakupinga kidogo. Roman Reigns kakaa na mkanda mkubwa wa WWE siku 1,316 lakini kuna vipindi virefu hatetei, mpaka 2023 wakaleta mkanda mwingine ndo kipindi chao cha Raw nacho kikapata bingwa wake. Kwa huyu wa Nkuhungu bingwa asipotetea Jumapili tatu watu wanasahau hata jina lake. Bora afanye kama John Cena 2015 na mkanda wa Marekani, anaita yeyote aje, na hata aliyepigwa anaondoka na jina.

Alafu kitu kingine, anayepoteza aumie bana! Mimi Kofi Kingston hajawahi kunitoka moyoni, mzaliwa wa Ghana, kahangaika miaka kumi na moja kabeba mkanda mkubwa WrestleMania ya 2019 watu wanalia, Oktoba Brock Lesnar kamvua kwa sekunde chache, na baada ya hapo jamaa anacheka na wenzake kama kapoteza kalamu. Kama yeye hasikii uchungu mimi mtazamaji nausikia wa nini?

Kibanda Umiza: Mnaenda mbali sana. Kombe la mbuzi mtaani watu wanavunjana miguu kwa mnyama mmoja, kwa sababu analiwa siku hiyohiyo na aliyefungwa ananusa moshi tu. Mkanda wako unampa nini anayeubeba? Achague mpinzani, aingie wa mwisho kwa ngoma, ale fungu kubwa la viingilio. Ule mkanda wa WWE wa 24/7, uliokuwa unagombaniwa saa yoyote mahali popote, R-Truth kaushinda zaidi ya mara 50, tulicheka sana sikatai, ila hakuna aliyeota kuupata na 2022 Nikki Cross akautupilia takani.

Mtunzi wa Nkuhungu: Ngoma nimeipenda. Viingilio sasa, Jumapili iliyopita elfu kumi na nne, maji na soda zikala elfu tisa. Fungu la bingwa hapo ni chipsi kavu.

Mzee wa Kizota: Marhaba Binti Kongwa, hilo la uchungu nimelikubali. Mtunzi, bingwa wa sasa yukoje?

Mtunzi wa Nkuhungu: Kijana mwembamba hivi, mcheshi, watu wanampenda ila hawamwogopi.

Binti Kongwa: Basi steringi unaye tayari, kilichobaki ni adui. Na stori imeshajileta yenyewe! Usifiche kwamba mkanda ulisahaulika. Jumapili adui aingie nao mabegani aseme nimeuokota njiani, mwenyewe hakujua hata kama kapotelewa. Watazamaji nao hawakujua, kwaiyo aibu inawapata wote. Bingwa akitaka kuurudisha, jamaa anamwambia anza na huyu, kisha huyu, kisha yule. Mwezi mzima anautafuta, na usimpe haraka.

Muuza Zabibu: Huyu dada apewe kazi WWE 😂😂

Mtunzi wa Nkuhungu: Dah, mbona umenimaliza. Nimempigia boda mwenyewe, ana mwili wa kubeba magunia na anasema yuko tayari kuwa adui, ila anataka nauli kwenda na kurudi na hataki kupigwa mbele ya mkewe.

Mzee wa Kizota: Mke asije Jumapili ya mwisho.