Yule mchambuzi wa asubuhi aombe radhi! Eti Belarus "walialikwa na nani"?

Mchanga_wa_Moto

Wakuu, salamu baadaye. Mliosikiliza kipindi cha michezo leo asubuhi mnamjua ninayemsema. Yule mwenye kicheko cha kukwaruza. Kama hujamjua bado, basi nyumbani kwenu hakuna redio.

Jana, Mei 11, 2025, imepigwa fainali ya Kombe la Dunia la soka la ufukweni kule Ushelisheli. Brazil 4, Belarus 3. Mara ya kwanza mashindano haya yanafanyika Afrika, tena kwenye bahari hii hii yetu. Mtangazaji mwenzake kasoma matokeo vizuri, kwa heshima zote. Hajamaliza sentensi, bwana mkubwa akadakia: "Belarus? Hao nao walialikwa na nani?" Akacheka. Halafu akamalizia, "Haya, turudi kwenye mpira wa kweli."

WALIALIKWA!

Mtu mzima, ana kipaza sauti, analipwa mshahara, nchi nzima inamsikiliza, anasema timu imefika fainali ya dunia kwa mwaliko. Kombe la Dunia limekuwa kitchen party?

Ulaya safari hii walikuwa na nafasi nne. NNE. Zinagombewa na Ureno, Hispania, Italia, Uswisi, Ukraine, Poland, Ufaransa, Ujerumani na wengine kibao. Wanakusanywa mji mmoja, wanaunguzwa na jua siku chache, ukiteleza mechi moja unapanda ndege kurudi kwenu. Sare hakuna. Vipindi vitatu vya dakika 12 vikiisha mko sawa, mnaongezwa dakika tatu, bado sawa mnapiga penalti. Ukipiga faulo, hakuna kuweka ukuta, kipa wako abaki anaangaliana na mpigaji. Huko ndiko Belarus walikopita, na Ureno, na Hispania, na Italia. Wengine wote wameangalia Ushelisheli kwenye simu.

Na yeye anacheka.

Kama kuna mwaliko, mbona Ufaransa hawaalikwi? Hao ndio mabingwa wa kwanza tangu FIFA waanze kuyasimamia, 2005, Copacabana, kocha Eric Cantona mwenyewe. Mara ya mwisho kuwaona kwenye fainali hizi ni 2008 walipokuwa wenyeji, Marseille. Mchujo umewafungia mlango mpaka leo. Ureno yenye Madjer, yule aliyekuwa akifunga mabao kama anaokota kokoto, ilibaki nyumbani 2013 wenzao walipokwenda Tahiti. Miaka miwili baadaye wakabeba kombe kwao Espinho. Urusi walichukua 2011 wakachukua tena 2013, na mchujo wa Jesolo, Italia, mwaka 2016 ukawatupa nje. Bingwa mara mbili katupwa nje! Ujerumani na England ndio kabisa, tangu hiyo 2005 hawajafuzu hata mara moja. England ambayo huyu bwana anaamka nayo na kulala nayo! Hao kadi zao zilipotelea posta?

Belarus HAINA BAHARI, wakuu. Nchi imezungukwa na nchi pande zote. Na wamefuzu 2019, 2021, 2024 na 2025, mfululizo. Juzi wamewatoa Senegal kwenye nusu fainali, Senegal hawa hawa wanaotunyanyasa Afrika nzima. Brazil wamewashinda kwa bao moja tu. Halafu mtu ambaye mchanga ameuona kwenye ujenzi wa nyumba yake anauliza walialikwa na nani. NA KUCHEKA.

Sisi tunaocheza ufukwe wa Coco, Dar, tunaujua mchanga wa saa nane mchana. Taifa letu, Tanzania, limecheza AFCON ya ufukweni Sharm El Sheikh, Misri, 2018 na Saly, Senegal, 2021. Afrika tunapewa nafasi mbili kwenda duniani. Mbili! Siku vijana wetu wakifuzu, huyu huyu atasema walialikwa, studio nzima itacheka naye, kama leo. Maana leo walicheka wote. Tangazo la sabuni limeingia, nyuma yake bado namsikia anacheka.

Aombe radhi hewani. Alitaje jina la Belarus taratibu, bila kuonyesha meno. Au aje uwanjani avue viatu, tumpe kipindi kimoja tu cha dakika 12. Atatolewa na machela dakika ya pili, na machela yenyewe itazama mchangani.

Nawasilisha. WALIALIKWA NA NANI?

Babu_wa_Kigogo

Mkuu kunywa maji kwanza. Mimi nilimsikia pia. Ila tuambiane ukweli, na mimi ndio nimejua leo kama Belarus wana timu ya mpira, iwe ya mchanga au ya majani.

Dada_GA

Mlinyamaza alipotuita sisi wa netiboli "kikundi cha mazoezi ya kupunguza tumbo". Hamkufungua uzi hata mmoja. Leo limewafikia ndio mnajua ana mdomo.

Mchanga_wa_Moto

Dada yangu pole sana, na hilo nalo ni tusi. Lifungulie uzi, nitakuja kulia na wewe. Hapa tuko kwenye WALIALIKWA.

Tarishi_Mbishi

Nafasi nne unazozisema si kila mwaka. 2019 kule Paraguay Ulaya walikwenda watano: Italia, Urusi, Ureno, Uswisi, Belarus. Weka takwimu zako sawa kabla hujapandisha presha za watu.

Mchanga_wa_Moto

Soma vizuri, nimeandika "safari hii". Na hao watano wako hebu wahesabu tena. Hispania yumo? HAYUMO! Nafasi tano na Hispania kabaki kwao. Umenisaidia mkuu, asante. Sasa mpelekee na yule mwenye kicheko.

Kijana_wa_Ruwi

Niko Maskati. Mleta uzi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Huku Oman soka la ufukweni lina watu wake, na Ushelisheli timu ilikuwepo, kundi moja na Brazil, Italia na El Salvador. Jamaa zangu wa huku walikuwa wanawaogopa Italia kuliko kitu chochote. Hakuna aliyewaza habari ya mialiko. Ila niwaulize nyinyi wa nyumbani, hii timu yetu ya taifa ya ufukweni mechi zake zinaonyeshwa wapi? Nikiwaambia watu hapa kazini kwamba Tanzania tunacheza, wananiona mwongo.

Pimbi_Mkavu

Uzi mzima ni kicheko, kicheko, kicheko. Una ndugu Minsk? Au ulichumbia huko wakakurudishia posa?

Mwana_wa_Nyali

Bora nyinyi mna redio ya kuwatukana. Huku Mombasa tukianza tu kugawana timu, walinzi wa hoteli washafika, eti tunasumbua wageni. Goli letu ni ndara nne. Juzi wamechukua na hizo ndara.

Babu_wa_Kigogo

Wamechukua ndara?

Mwana_wa_Nyali

Zote nne, mzee wangu. Nimerudi nyumbani miguu mitupu, na mke hakuamini nilikuwa mpirani.

Mnyama_Mkali

Jumamosi Simba wako Berkane, fainali ya Kombe la Shirikisho, taifa zima linasali, nyinyi mnajadili nchi isiyo na bahari. Mchambuzi yuko sahihi, turudi kwenye mpira wa kweli.

Mwananchi_Damu

Mpira wa kweli mliukimbia Machi 8. Njooni kwanza mcheze dabi na sisi Yanga ndipo mwende Morocco.

Mnyama_Mkali

Nani alikimbia? Tulizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, na kanuni iko wazi. Na mechi ilipotaka kupangiwa tarehe nyingine, nani alisema hachezi?

Mwananchi_Damu

Kanuni ipi? Itaje namba.

Mchanga_wa_Moto

Wakuu tafadhali, dabi ina nyuzi zake mia humu. Huyu mtu AMECHEKA fainali ya Kombe la Dunia. Kweli hilo linapita hivi hivi?

Tarishi_Mbishi

Mwananchi usibishane naye, hata mwenye ligi hajui hiyo namba.

Dada_GA

Nimefungua uzi wangu wa netiboli. Mpaka sasa mchangiaji ni mimi peke yangu. Mchanga_wa_Moto, uliahidi kuja kulia, nakusubiri.

Pimbi_Mkavu

Kwa kuwa umetaja Coco, hivi mihogo imepanda tena? Jana nimepewa vipande vya kuhesabu na kachumbari ya kunusa.

Babu_wa_Kigogo

Ulinunua kwa nani? Usiende kwa wale wa karibu na barabara.

Mwananchi_Damu

Kuna mama mmoja ana mwavuli wa kijani, huyo ndiye bado anaweka pilipili ya ukweli.

Mnyama_Mkali

Yule mama nakubali. Ila wahini kabla ya saa kumi na moja, baada ya hapo anabakiza yenye mizizi.

Kijana_wa_Ruwi

Jamani msiniambie habari ya mihogo, nina mwaka wa pili huku.